Kivuli kilichoonekana katika picha ya kifua

Neno uvimbe katika lugha yetu limebebeshwa mizigo mingi. Jipu ni uvimbe, tezi ni uvimbe, na mguu uliopigwa na mpini wa jembe nao una uvimbe. Lakini likitamkwa hospitalini mbele ya ndugu wa mgonjwa, neno hilo hilo hubakiwa na maana moja tu, nayo ni saratani. Baina ya maana zile za kwanza na hii ya mwisho lipo eneo pana ambalo wengi wetu hatulijui. Mimi nimo ndani ya eneo hilo tangu mwaka 2022. Nala, nanywa, nafunga, nasomesha, na kila mwezi nasoma muhtasari wa kikao mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Ifakara, nami nina uvimbe kifuani ambao hauniumi na ambao madaktari wameamua kutougusa.

Ndugu kadhaa wamenitaka niyaandike haya kwa sababu yamezungumzwa sana mjini kwetu, na si yote yaliyozungumzwa ndiyo yaliyokuwa.

Ifakara ni mji uliozoea kupimwa. Mwaka 1957, chini ya Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Waswisi walianzisha hapa maabara ya utafiti, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu zama za wazee wetu watu wa Bonde la Kilombero wamechomwa vidole kwa ajili ya malaria, mbu wamehesabiwa katika vyumba vyao vya kulala, na vyandarua vimegawiwa na kukaguliwa. Mtoto wa Ifakara hashangai kumwona mtu mwenye daftari akiingia uani. Kwa hiyo, mwezi Februari 2022, kijana mmoja wa madrasa yetu alipogunduliwa kuwa na kifua kikuu, na wahudumu wa afya wakaja kuwaandika wote waliokuwa wakikaa naye chumba kimoja, hakuna aliyekataa. Mimi nilikuwa nikimsomesha siku tano kwa wiki, dirisha moja limefungwa kwa sababu ya mvua. Nikaandikwa, nikatoa makohozi, nikapigwa eksirei.

Sikuwa na kikohozi. Sikuwa na homa wala jasho la usiku, na uzito wangu ulikuwa ule ule. Makohozi yakarudi safi. Picha ya kifua nayo ilionyesha mapafu yasiyo na doa. Tabibu aliyeishika aliniambia maneno ambayo nayakumbuka kwa mpangilio wake: “Ustadhi, mapafu yako hayana neno. Ila hapa kuna kitu, na si cha mapafu.”

Alinionyesha kivuli cha mviringo, laini pembezoni kama kokwa la embe lililosuguliwa, kikiwa kimejificha nusu nyuma ya moyo. Akaniambia kuwa eksirei huonyesha kivuli tu, jina la mwenye kivuli haliwezi kulitaja. Huenda ni tezi, huenda ni mshipa wa damu uliotanuka, huenda ni kitu cha umio. Akaandika rufaa ya kipimo cha CT.

Usiku ule nilimweleza mama watoto baada ya watoto kulala. Aliuliza maswali matatu. “Kinakuuma?” Nikasema hapana. “Unakisikia unapomeza?” Nikasema hapana. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, “Basi kimekaa humo tangu lini, baba watoto?” Swali hilo la tatu ndilo lililotunyima usingizi, kwa sababu hakukuwa na mtu yeyote duniani aliyeweza kulijibu. Huenda kilikuwamo siku ya nikahi yetu. Huenda kilikuwamo nilipokuwa chuoni, nikikesha na vitabu vya sarufi na kulalamikia maharage.

Ilipita wiki tano kabla ya safari ya Dar es Salaam, na wiki hizo zilikuwa na kelele nyingi kuliko maradhi yenyewe. Habari ya mtu katika mji mdogo husafiri kwa miguu ya kila mtu. Shambani ng'ambo ya mto jirani zangu walikataa nisibebe gunia. Mmoja wa waumini, mtu ninayemheshimu, alikuja na vikombe vya hijama akasema tuanze leo leo. Nilimshukuru, nikamwambia kuwa hijama ni katika mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, nami huifanya, lakini kikombe huvuta kilicho karibu na ngozi. Hiki kimekaa mbele ya uti wa mgongo na nyuma ya moyo. Jamaa mwingine alinihakikishia kuwa nimetupiwa. Huyo sikumjibu. Habbat sauda na asali nilivipokea vyote, na hadi leo kopo moja bado liko kabatini.

Kisha Ijumaa moja baada ya sala, imamu wetu akasimama na kutangaza mchango wa matibabu ya katibu. Sikuwa nimeomba. Kwa desturi ya msikiti wetu katibu ndiye anayeandika majina na kiasi, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye daftari. Mweka hazina wetu, mzee aliyestaafu kazi katika reli ya TAZARA, alilivuta kutoka mbele yangu akasema, “Katibu, leo wewe si katibu.” Nikaketi safu ya nyuma na kusikia majina yakisomwa. Zilipatikana shilingi 685,000. Walikuwamo watu ambao nilijua hali zao, kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea barua zao za kuomba msaada wa kamati.

Tulisafiri mimi na kaka yangu mkubwa kwa basi, kupitia Kidatu na Mikumi, siku ya mvua, na kati ya Ifakara na Kidatu abiria tulishuka mara mbili ili basi lipite kwenye tope. Muhimbili nilipimwa CT, na siku chache baadaye nikafanyiwa kipimo cha kuingiza kamera kooni. Kipimo hicho watu hukiogopa kupita kinavyostahili. Mtu hufika hali ya kuwa hajala; hupuliziwa dawa chungu inayotia ganzi koo, hulala kwa ubavu, huuma kipande cha plastiki chenye tundu, na mpira mwembamba wenye taa hushuka taratibu. Machozi hutoka, kichefuchefu hupanda, na kabla hujamaliza kuhesabu nyuradi zako kimekwisha.

Nataka nieleze kwa kirefu alichotufahamisha daktari bingwa, kwa sababu hapo ndipo penye faida.

Umio ni mrija wa msuli wenye urefu wa kama sentimita 25 kwa mtu mzima. Huanzia kooni, hushuka nyuma ya bomba la hewa na nyuma ya moyo, hutoboa kiwambo, na kuingia tumboni. Ukuta wake una tabaka: ndani kabisa upo utando laini unaogusana na chakula, na nje yake iko misuli inayosukuma tonge. Saratani ya umio, kwa kawaida, huanza kwenye ule utando wa ndani. Huula, huufanya uwe na vidonda, kisha huziba njia. Kitu changu hakikutoka huko. Kamera ilipopita ilikuta utando mzima, unang'aa, umesukumwa kidogo kwa ndani na kitu kilichopo chini yake, kama zulia lililowekwa juu ya rungu. Kwa picha ya CT kilikuwa na upana wa sentimita 3.8, kingo zake zimenyooka, hakijashikana na jirani yake yeyote, wala hakuna tezi zilizovimba pembeni.

Jina la kitu cha namna hiyo ni leiomioma, yaani uvimbe wa msuli laini. Ni chembe za msuli zilizozaana mahali pamoja bila nia mbaya. Ndugu yake wa karibu wanawake wengi wanamfahamu, kwani uvimbe wa kizazi unaotajwa sana mitaani kwetu ni wa jamii hiyo hiyo. Katika umio uvimbe usio wa saratani ni nadra sana ukilinganishwa na saratani, lakini miongoni mwa hizo nadra, karibu theluthi mbili ni leiomioma. Huwapata zaidi wanaume, mara nyingi baina ya miaka 20 na 50, na hukaa zaidi sehemu ya kati na ya chini ya umio, kwa sababu huko ndiko uliko msuli laini. Sehemu ya juu ina msuli wa aina nyingine. Hukua polepole mno. Takriban nusu ya walionao hawahisi chochote, na hugunduliwa kama nilivyogunduliwa mimi, mtu akipigwa picha kwa jambo jingine kabisa. Kugeuka kwake kuwa saratani ni jambo la nadra mno.

Kaka yangu alisikiliza yote hayo akiwa ameshika bahasha ya fedha za msikiti kwenye mapaja. Kisha akauliza swali ambalo kila ndugu wa mgonjwa angeuliza.

“Daktari, sasa mbona hamkukata kinyama mkakipime? Tumetoka mbali. Tutawaambia nini watu waliotutuma?”

“Kaka yangu,” akasema daktari, “kile kitu kiko chini ya utando, na utando ni mzima. Nikichomoa kipande kwa kupitia ndani, pale mahali patafanya kovu, na utando utagandamana na uvimbe. Ikitokea siku moja tunalazimika kuutoa, utando utachanika. Umio ukitoboka, vilivyomo humwagika kifuani, na hiyo ni hatari kubwa kuliko uvimbe alionao leo.”

“Kwa hiyo una hakika si saratani?”

Daktari hakuharakisha. Alisema kuwa dalili zote zinaelekea upande mmoja, na kwamba yeye kwa maoni yake hana wasiwasi. Lakini hakika kamili, ile ambayo mtu angeweza kuiapia, haipatikani mpaka kitu kitolewe na kuwekwa chini ya hadubini. Mahali penye kamera inayotumia mawimbi ya sauti huweza kuonekana ni tabaka gani uvimbe umetokea, na hilo huongeza yakini, ingawa nalo halifikii kiapo. Kisha akaweka mizani mbele yetu. Upande mmoja upo upasuaji kupitia mbavuni, ambao mikononi mwa wajuzi hufanikiwa: msuli hupasuliwa kwa urefu, uvimbe hukamuliwa kama kokwa bila kuugusa utando, na msuli hushonwa. Jambo hili si geni. Mjapani aitwaye Ohsawa alilifanya tangu mwaka 1933, na siku hizi hufanyika kwa vijitundu na kamera ubavuni. Upande wa pili upo uvimbe usiofika sentimita 5, usiouma, usiozuia tonge. Akasema mgonjwa wa namna hii akitaka ushauri wake, atamwambia asubiri, apimwe tena baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Akipata shida ya kumeza, au maumivu nyuma ya mfupa wa kifua, au kitu kikikua au kingo zake zikichafuka, asisubiri tarehe.

“Na Ramadhani?” nikauliza, kwani zilikuwa zimebaki siku chache.

“Funga, sheikh. Hakidai chakula.”

Ndani ya basi la kurudi kaka yangu hakusema neno mpaka tulipopita Morogoro. Nami nilikuwa nikimfikiria Ibn Zuhr. Tulimsoma chuoni katika somo la historia ya ustaarabu wa Kiislamu, jina moja miongoni mwa majina mengi ya kukariri kwa ajili ya mtihani: tabibu wa Sevilla katika Andalusia, aliyefariki mwaka 1162, rafiki wa Ibn Rushd, mwenye kitabu kiitwacho Al-Taysir. Katika kitabu hicho alieleza maradhi ya kuziba umio: jinsi mgonjwa anavyoanza kwa usumbufu mdogo, kisha chakula kigumu kikamshinda, kisha laini, kisha maji. Alielekeza pia kumlisha mgonjwa kwa mrija wa fedha unaopitishwa kooni. Nilikuwa nimelikariri hilo kama fahari ya umma wetu, wala sikuwahi kumfikiria yule mgonjwa aliyekuwa mbele yake. Sasa nilimfikiria. Ibn Zuhr hakuwa na eksirei. Aliyekuja kwake alikuja kwa kuwa hawezi kumeza, na asiyekuwa na shida hakuja, basi uvimbe kama wangu ulizikwa na wenyewe na hakuna aliyejua.

Hapa kwetu kurudi kwangu kulieleweka vibaya, na sababu ni lugha. Bondeni mtu akisema mgonjwa fulani “amerudishwa nyumbani”, hakuna anayeuliza zaidi. Maana yake ni kwamba madaktari wamenyoosha mikono na familia ijiandae. Mimi nilikuwa nimekwenda Muhimbili na mchango wa msikiti mzima, na nilirudi baada ya siku tisa bila kovu, bila dawa, na fedha zikiwa zimebaki. Kila nilipoeleza kwamba sitapasuliwa, niliona jicho la msikilizaji likilainika kwa huruma. Walidhani ninawastahi. Wazee wawili walikuja nyumbani kunisomea dua ndefu kuliko kawaida, na mmoja akanishauri niandike wasia. Ushauri ambao kisheria ni mwema kwa kila mtu, ila nilijua kwa nini unaletwa kwangu jioni ile.

Mama yangu alivuka daraja kutoka Lupiro na dada zangu wawili na mizigo ya watu waliokuja kukaa. Daraja lile lilipofunguliwa mwaka 2018, tulipoachana na adha ya kivuko, tulishukuru kwamba sasa mgonjwa wa ng'ambo atafika hospitali usiku. Siku hiyo lilimleta mama yangu mzikoni kabla ya maiti. Nilimweleza yote niliyoelezwa. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mtu wa mjini, kisha akaingia jikoni. Kwa siku tatu alipika yeye, na kila nilipokula aliketi mkabala nami akitazama koo langu likipanda na kushuka. Ugali wa dona, wali, nyama ngumu ya ng'ombe, perege na miiba yake. Siku ya nne alifunga mizigo. “Mwanangu,” akasema, “mtu anayekufa hali hivi.” Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kunisikitikia mbele yake.

Zikabaki fedha. Nauli, malazi na sehemu ya vipimo ambayo bima haikulipia vilichukua zaidi ya nusu. Zilisalia shilingi 310,000. Niliziwasilisha kwenye kikao pamoja na risiti. Wajumbe wengi walisema nizichukue kwa vipimo vya baadaye, kwa kuwa zilichangwa kwa jina langu. Wengine walisema ziingie mfuko wa ujenzi wa choo cha wanawake, ambao umekuwa ajenda ya kamati yetu tangu kabla sijawa katibu. Imamu alikataa yote mawili. Alisema fedha zilitolewa kwa matibabu yaliyotajwa, matibabu hayo hayakuhitajika, kwa hiyo fedha bado zina wenyewe, na wenyewe ndio waulizwe. Ijumaa iliyofuata ikatangazwa: anayetaka chake aje achukue bila aibu, na anayeridhia kibaki kwa mgonjwa mwingine anyamaze. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kuchukua shilingi 5,000 yake. Baadhi ya watu waliguna. Mimi niliona amefanya sawa, nami nilimhesabia mwenyewe.

Mgonjwa mwingine hakuchelewa kupatikana, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wa ukurasa huu, hasa wenye wazazi wazee nyumbani, wanisikilize.

Tulikuwa na bibi mjane mtaani, mwuza vitumbua, ambaye kila mwaka hufuturu pamoja na wanawake msikitini. Ramadhani ile ya 1443 mama watoto aligundua kwamba bibi huyo huchukua tende, huigeuza mdomoni muda mrefu, kisha huitoa kwa siri ndani ya leso. Alipoulizwa alisema koo limekauka kwa saumu. Mama watoto hakuridhika, kwa kuwa nyumbani kwetu kumeza kulikuwa kumegeuka somo. Alimwuliza taratibu, siku kwa siku. Ikadhihirika kwamba tangu miezi mingi nyuma bibi aliacha ugali, akabaki na wali; akaacha wali, akawa anachovya mkate ndani ya chai; na wiki zile alikuwa akiishi kwa uji. Kanga zake alikuwa akizifunga mara mbili kiunoni. Hakumwambia mtu. Aliona ni uzee.

Zile 310,000, isipokuwa 5,000 ya kijana, zilimpeleka Dar es Salaam yeye na binti yake. Kamera ilipoingia haikufika mbali. Hapakuwa na haja ya kujadili kukata kinyama. Walikata, na jibu lilikuwa saratani ya umio. Akahamishiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo katika majengo ya hospitali ya kale ya Wajerumani pale ufukweni, akapata mionzi, akaweza kumeza vitu laini kwa miezi kadhaa. Alirudi Ifakara. Alifariki mwezi wa Muharram 1444, na jina lake niliandika mimi katika daftari la maziko.

Nchi zetu za mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia na Kenya, kupitia kwetu na Malawi, hadi Afrika Kusini, ziko katika ukanda ambao maradhi haya hupatikana kwa wingi usio wa kawaida duniani. Watafiti wametaja tumbaku, pombe, usafi duni wa meno, na vinywaji vya moto mno. Bibi yule hakuvuta wala hakunywa pombe maishani mwake. Chai aliinywa ikiwa inatoa mvuke, na alijisifu kwayo. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani ya umio. Sisemi kuwa chai ilimwua. Hakuna awezaye kusema hivyo kwa mtu mmoja. Lakini tazama tunavyofuturu, uji ukitoka jikoni unachemka, na mtoto akisubiri upoe anachekwa. Nyumbani kwetu siku hizi uji unapozwa kwanza, na wageni wanatulalamikia.

Kuna waliosema, nami nakiri niliwahi kulitafakari jambo hilo usiku, kwamba afadhali nisingepigwa ile picha. Ningeishi na kitu changu bila kujua, kama walivyoishi wengi, nikazikwa nacho, na mama yangu asingevuka daraja na mizigo ya matanga. Hoja hiyo ina uzito wake. Maarifa yaliyokuja bila kutafutwa hayana utulivu: kila tonge kubwa limenifanya nisite kidogo, na mara mbili nimeamka usiku nikimeza mate ili nijaribu. Lakini mama watoto hulijibu jambo hili kwa namna yake. Yeye husema kwamba bila kivuli changu asingeitazama leso ya bibi. Miezi ile michache bibi aliyomeza uji bila kuutema ilikuwamo Sikukuu ya Idd el-Hajj, na siku hiyo alikula supu.

Nimepimwa mwezi Oktoba 2022, nikapimwa 2023, nikapimwa 2024. Vipimo vimeandika sentimita 3.8, kisha 3.9, kisha 3.8 tena. Hiyo 3.9 ilinipa wiki mbaya mpaka daktari aliponieleza kuwa tofauti ya milimita moja huweza kuletwa na pumzi tu wakati wa kupigwa picha. Kamati imeniongezea muhula. Choo cha wanawake kimefika usawa wa linta.

Mama yangu anapopiga simu kutoka ng'ambo ya mto haulizi tena habari za kivuli. Huuliza nimekula nini mchana, kisha hunyamaza akingoja nimtajie chakula kimoja kimoja.